Lubumbashi, Casablanca au Ulaya moja kwa moja? Ulinganisho wa njia kwa mshambuliaji wa Mtwara na Lindi

Tarehe 27 Juni 2019, jijini Cairo, Taifa Stars ilifungwa na Kenya mabao 3-2 katika Fainali za Mataifa ya Afrika. Mabao yote mawili ya Tanzania yalifungwa na washambuliaji waliokuwa wakicheza nje ya nchi: Simon Msuva, ambaye wakati huo alikuwa Difaâ El Jadida ya Morocco, na Mbwana Samatta, ambaye alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa Ubelgiji akiwa na Genk. Umri wao haupishani hata mwaka mmoja, na wote wawili walijulikana kupitia klabu kubwa za Kariakoo, Simba na Yanga. Lakini barabara walizopita ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayomhusu kijana anayefunga mabao leo katika uwanja wa Nangwanda Sijaona mjini Mtwara, Ilulu mjini Lindi au Majaliwa kule Ruangwa, ambaye dirisha la usajili likifunguliwa hupigiwa simu na watu watatu, kila mmoja akimtajia nchi yake.

Makala haya yanazilinganisha njia hizo: klabu kubwa ya Afrika inayocheza mashindano ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) kila mwaka, ligi za Afrika Kaskazini, Ulaya moja kwa moja, na Ghuba. Kigezo changu cha kwanza si mshahara. Beki anaweza kukaa benchi nusu msimu akarudi na jina lake likiwa salama, lakini mshambuliaji huuzwa kwa mabao, na mabao hayaji pasipo dakika za kucheza. Kigezo cha pili ni nani anayetazama mechi anazocheza, na cha tatu ni kama fedha iliyoandikwa kwenye mkataba itamfikia kweli.

Kwanza, umri

Kuna jambo linalofuta nusu ya ahadi zinazotolewa mitaani kwetu kabla hata hazijajadiliwa. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika mazingira machache, kwa mfano wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na mpira. Upo pia msamaha wa mpakani, ambao kwa Mtwara huweza kusikika kama habari njema kwa kuwa Mto Ruvuma hauko mbali: mchezaji anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu iliyo ndani ya kilomita 50 upande wa pili, mradi aendelee kulala nyumbani kwao na umbali wote usizidi kilomita 100. Kwa vitendo msamaha huo haumsaidii kijana wa Chikongola au wa Nanyamba, kwa sababu klabu za Msumbiji zenye maana kwake ziko Pemba na Nampula, mbali zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mtu anayemwambia mzazi kwamba atampeleka mtoto wa miaka 16 akasajiliwe na klabu ya Ulaya, ama haijui kanuni au anaijua vizuri sana. Kelvin John, aliyeonekana katika kikosi cha vijana chini ya miaka 17 wakati Tanzania ilipoandaa fainali za Afrika za umri huo mwaka 2019, alikwenda Uingereza kama mwanafunzi katika Chuo cha Brooke House mjini Market Harborough, na Genk ilimsajili mwaka 2021 alipotimiza miaka 18. Hiyo ndiyo picha halisi ya njia ya mapema: shule kwanza, mkataba baadaye, na mtu wa kulipia shule hiyo.

Njia ya Lubumbashi

Samatta alijiunga na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, mwaka 2011, akiwa na miaka 18, baada ya Simba kukutana na klabu hiyo katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Hakupelekewa mtu picha za video. Waliomnunua walimwona akicheza dhidi yao. Alikaa huko hadi Januari 2016, muda ambao vijana wengi wa sasa wangeuita kupoteza wakati. Ukiutazama kwa karibu, muda huo ndio uliomtengeneza. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika, Samatta akawa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao 7, akafunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger ya Algeria, na Januari iliyofuata akatangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara. Mwezi huohuo Genk ikamchukua.

Faida ya njia hii kwa mshambuliaji wa Kusini ni kwamba mazingira hayamli nguvu nyingi. Lubumbashi ni mji wa Kiswahili. Ni Kiswahili chenye ladha yake, kilichochanganyika na Kifaransa, lakini kijana wa Masasi anaweza kumwelewa kocha msaidizi, daktari wa timu na dereva wa teksi tangu siku ya kwanza, na sahani ya chakula haitamshangaza kwa sababu ni ugali, ambao wenyeji huuita bukari. Mji uko juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mtu aliyezoea joto la Shangani au Mikindani atahema majuma ya mwanzo. Uwanja wa Mazembe ni wa nyasi bandia, na hilo linataka tahadhari zaidi kuliko watu wanavyodhani: mguu uliokulia mchangani, ambako ardhi hulegea unapogeuka, hukutana na uso unaoshika kiatu. Anayeelekea huko afanye mazoezi ya kuimarisha goti na kifundo kabla ya safari, wala asisubiri kuambiwa na daktari wa klabu.

Faida kubwa zaidi ni jukwaa. Klabu inayofika hatua ya makundi ya CAF kila mwaka humpa mshambuliaji mechi sita au zaidi zinazotazamwa na wasaka vipaji wa Ubelgiji, Ufaransa, Misri na Ghuba kwa wakati mmoja. Udhaifu wake unatokea hapohapo: mwaka ambao klabu imetolewa mapema ni mwaka wa kiza, kwa sababu ligi ya ndani ya Kongo haina watazamaji wengi nje ya nchi. Na klabu tajiri haina haraka ya kuuza. Mchezaji anayesaini miaka mitano akiwa na miaka 18 ajue kwamba mitano ndiyo kikomo cha juu ambacho FIFA inaruhusu kwa mkataba wa mchezaji, na kwamba amekitoa kikomo hicho chote kwa mwajiri mmoja.

Tena, njia hii haimtoi kila mtu. Thomas Ulimwengu alikuwa Mazembe na Samatta katika miaka ileile, akiwa mshambuliaji mwenye nguvu na kasi, akaondoka na mwaka 2017 akajiunga na AIK ya Sweden. Safari yake ya Ulaya haikudumu, na baadaye alizunguka Bosnia, Sudan na Algeria. Shule ilikuwa moja, matokeo yakawa mawili.

Hapa kuna jambo ambalo washauri wa mtaani hawalisemi, pengine kwa kuwa haliwapi fedha: Lubumbashi ya leo inaweza kuwa Dar es Salaam. Simba na Yanga sasa hucheza makundi ya CAF mara kwa mara. Fiston Mayele, Mkongomani, aliifungia Yanga mabao 7 na kuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2022/23, klabu ikafika fainali, naye akauzwa Pyramids ya Misri. Mwaka 2025 alifunga katika mechi ya pili ya fainali iliyoipa Pyramids ubingwa wa Afrika. Wala si lazima iwe Kariakoo. Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na msimu uliofuata ikawa katika makundi ya Kombe la Shirikisho pamoja na Raja Casablanca na Pyramids. Mshambuliaji wa Lindi aliyekuwa kwenye kikosi hicho alitazamwa na Wamorocco na Wamisri bila kulipia nauli ya majaribio.

Njia ya Afrika Kaskazini

Msuva aliondoka nchini mwaka 2017 akiwa na miaka 23, na hakuondoka mikono mitupu: alikuwa ameshakuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu mara mbili akiwa Yanga. Hatua yake ya kwanza ninaiona kuwa ya busara kuliko zote alizochukua. Hakwenda Casablanca. Alikwenda El Jadida, mji wa pwani ya Atlantiki, katika klabu ya kiwango cha kati ambayo mgeni anayesajiliwa hutegemewa kuanza, akacheza misimu mitatu ndipo akahamia Wydad ya Casablanca mwaka 2020.

Tuuweke mfano huo kando ya ule wa Luis Miquissone, winga wa Msumbiji ambaye mashabiki wa Simba hawahitaji kukumbushwa. Aling'ara Msimbazi, akanunuliwa moja kwa moja na Al Ahly ya Misri mwaka 2021, klabu yenye mataji ya Afrika kuliko nyingine yoyote, akakosa namba, akapelekwa kwa mkopo Saudi Arabia, na mwaka 2023 alikuwa amerudi Simba. Kipaji chake hakikuwa kimepotea baharini. Klabu za aina ile husajili wageni wengi kuliko nafasi zilizopo, huku ligi nyingi zikiweka kikomo cha idadi yao, na anayechelewa kufunga katika mechi tano za mwanzo hupisha mwingine. Kwa mshambuliaji, El Jadida ya nchi yoyote ni bora kuliko Al Ahly ya nchi yoyote katika msimu wa kwanza.

Maisha ya huko kwa mtu wa pwani yetu hayana ugeni mkubwa wa ibada wala wa chakula: msikiti uko jirani, nyama ni halali, na mwezi wa Ramadhani ratiba za mazoezi hupangwa kwa kuufikiria. Lugha ndiyo mlima. Kiarabu cha chuo cha Kurani hakimsaidii mtu sana katika chumba cha kubadilishia nguo cha Morocco, ambako wachezaji huongea Kiarabu cha mtaani na makocha hupenda Kifaransa. Miezi mitatu ya Kifaransa cha msingi kabla ya kuondoka ina faida kuliko jozi tatu za viatu vipya.

Suala la malipo linataka tulipe nafasi zaidi. Msuva aliondoka Wydad kwa mgogoro wa malipo uliofikishwa FIFA, na si yeye pekee aliyewahi kupita njia hiyo katika ukanda ule. Kanuni iko upande wa mchezaji, lakini inafuatwa kwa utaratibu wake. Klabu ikiwa haijalipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki, baada ya kuipa klabu taarifa ya maandishi na muda usiopungua siku 15 wa kulipa. Anayefungasha begi na kurudi Mtwara kwa hasira, bila barua hiyo, anaweza kujikuta yeye ndiye mshitakiwa wa kuvunja mkataba. Anayeandika barua, akatunza nakala na taarifa za benki zinazoonyesha mwezi gani fedha iliingia na mwezi gani haikuingia, hulipwa, hata kama itachukua muda.

Ndiyo maana mkataba usomwe na watu wengine kabla ya mchezaji kuugusa kwa kalamu. Kwetu Kusini mjomba ndiye mwenye neno katika mambo mazito ya mtoto wa dada yake, na ni desturi nzuri, ila mjomba asiishie kuuliza kiasi cha mshahara. Aulize kama kiasi hicho ni cha mkononi au ni kabla ya makato. Aulize ada ya usajili italipwa kwa mkupuo au kwa awamu, na tarehe za awamu zimeandikwa au zimesemwa tu. Nyumba ni ya klabu au mchezaji anapanga? Tiketi za ndege za kurudi nyumbani ni ngapi kwa mwaka? Akiumia, bima inalipa nini na mshahara unaendelea kwa kiwango gani? Mwisho, mkataba ukiwa na nakala ya Kifaransa au Kiarabu na nyingine ya Kiingereza, ni ipi inayotawala pakitokea ubishi? Mwanasheria wa Mtwara mjini anaweza kuyasoma haya kwa gharama ndogo kuliko nauli ya kwenda kumtafuta wakala aliyezima simu.

Ulaya moja kwa moja

Njia hii ndiyo inayotamaniwa zaidi na ndiyo iliyo nyembamba zaidi. Ubelgiji imeweka kima cha chini cha mshahara kwa wachezaji wasio raia wa Umoja wa Ulaya, kiwango kilicho juu sana ukilinganisha na anacholipwa kijana wa Kibelgiji wa umri uleule. Maana yake ni kwamba klabu haimchukui mshambuliaji wa Kitanzania ili ajifunze. Inamchukua ikiamini atalipa gharama hiyo kwa mabao au kwa kuuzwa. Genk inaishi kwa biashara hiyo: Wilfred Ndidi alifika huko kutoka Nigeria Januari 2015 na miaka miwili baadaye akauzwa Leicester City. Kelvin John hakupata nafasi ya kutosha katika kikosi cha kwanza cha klabu hiyohiyo, na mwaka 2024 akahamia Aalborg ya Denmark. Nisingeiita hatua ya kurudi nyuma. Mshambuliaji wa miaka 21 anahitaji ligi inayompanga.

Kwa sababu hiyo, kama ni Ulaya, naziweka nchi za Skandinavia mbele ya Ubelgiji kwa anayeanza. Vikosi ni vidogo, klabu zimezoea kununua vijana wa Afrika na kuwauza kusini mwa Ulaya, na Kiingereza kinatosha mtu kuishi nacho. Ligi ya Sweden na ya Norway huchezwa kuanzia majira ya kuchipua hadi Novemba, kwa hiyo mchezaji anayemaliza msimu wa Tanzania mwezi Mei au Juni huwakuta wenzake katikati ya safari, wakiwa wamepata pumzi ya mechi. Baridi yenyewe huzoeleka. Giza la saa tisa alasiri mwezi Desemba, katika chumba cha mtu mmoja, ndilo linalowashinda wengi, na ni vema familia iliyobaki Newala ijue kwamba simu za kuomba fedha kila juma katika miezi hiyo ni mzigo juu ya mzigo.

Kuhusu majaribio, msimamo wangu ni mkali. Klabu yenye nia hutuma barua ya mwaliko yenye jina la mhusika anayeweza kuthibitishwa, na hugharamia au kuchangia safari. Mchezaji halipii majaribio. Gharama zinazomhusu ni za kawaida, kama pasipoti, ambayo kwa Mtanzania ni shilingi 150,000 na inaombwa kupitia Uhamiaji, na vipimo vyake vya afya. Anayedai fedha za kufungua faili la klabu ya Ureno wakati wa msimu wa korosho, pale anapojua kwamba malipo ya mnada yameingia kwenye akaunti za wakulima wa Tandahimba, amechagua wakati wake kwa makusudi. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, jina lake linaweza kutafutwa katika orodha ya shirikisho hilo, na mkataba wake wa kumwakilisha mchezaji hauruhusiwi kuzidi miaka miwili. Hata majaribio ya kweli hayana uhakika: Mrisho Ngassa, akiwa kipenzi cha mashabiki wa Yanga, alifanya majaribio West Ham mwaka 2009 na akarejea bila mkataba.

Yafaa pia kuutazama upande wa juu kabisa wa ngazi hii bila kupambwa. Samatta alijiunga na Aston Villa Januari 2020 akiwa na miaka 27, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza, akafunga pia Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Alicheza mechi 16, akafunga mabao 2, na kufikia Septemba alikuwa amepelekwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Mtu huyo alikuwa amefunga mabao 23 ya ligi katika msimu wa ubingwa wa Genk. Kadiri ngazi inavyopanda, uvumilivu kwa mshambuliaji hupungua.

Ghuba

Hapa sina mengi. Saudi Arabia haikati kodi ya mapato kwenye mshahara, na kwa hiyo kiasi kinachotajwa kiko karibu na kinachoshikwa mkononi. Oman ina historia ndefu na pwani yetu, na mjini Muscat mtu anaweza kununua mchele kwa Kiswahili. Lakini klabu za huko hubadilisha wageni kila msimu, mikataba ni mifupi, na wasaka vipaji wa Ulaya hawaendi kule kutafuta kijana wa miaka 20. Msuva alifika Saudi Arabia mwaka 2022 akikaribia miaka 29, na mwaka 2024 akajiunga na Al-Talaba ya Iraq. Kwa umri huo ni uamuzi wa kueleweka kabisa. Kwa kijana wa miaka 19 ni kuuza mti wakati wa maua.

Karatasi za timu ya nyumbani

Ulinganisho huu kwa kawaida hufanywa kwa upande wa mchezaji pekee, ilhali njia anayochagua inaamua pia kama timu iliyomlea Kusini itapata chochote. Kanuni za FIFA zina malipo ya aina mbili. Fidia ya mafunzo hulipwa kwa klabu zilizomlea mchezaji pale anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na kila anapohamia klabu ya nchi nyingine hadi mwaka anaotimiza miaka 23. Kiwango chake hutegemea daraja la klabu inayomchukua: kwa klabu za Ulaya ni kati ya euro 10,000 na 90,000 kwa kila mwaka wa mafunzo. Ndiyo sababu klabu ya Ulaya inayomtaka kijana aliye huru kimkataba huweza kuomba barua ya kusamehewa fidia hiyo, na viongozi wa timu ya mtaani, ambao hawajui wanachosaini, huigonga muhuri kwa zawadi ya jezi.

Malipo ya pili ni ya mshikamano. Kila mchezaji anapouzwa kimataifa akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu kuanzia miaka 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu kuanzia miaka 16 hadi 23 asilimia 0.5. Mshambuliaji akiuzwa kwa euro milioni 1, klabu ya Nachingwea iliyokuwa naye kwa misimu miwili, akiwa na miaka 16 na 17, inastahili euro 10,000. Inastahili, lakini haipati kama haikumsajili rasmi, kwa sababu hesabu hufanywa kwa kufuata historia ya usajili iliyo katika mfumo wa Shirikisho la Soka Tanzania (TFF), na ushahidi wa mashabiki waliomwona akicheza ndondo hauna nafasi humo.

Kwa kigezo hiki njia ya Lubumbashi na ile ya Dar es Salaam zinashinda kwa mbali, kwa kuwa mchezaji huuzwa zaidi ya mara moja akiwa ndani ya mikataba, na kila mauzo ya kimataifa hurudisha kitu. Ghuba, ambako wengi hufika wakiwa wachezaji huru, karibu hairudishi chochote.

Nani achague ipi

Mshambuliaji wa miaka 18 hadi 21 ambaye hajawahi kumaliza msimu mzima wa Ligi Kuu, ningemshauri asiende popote nje bado. Atafute namba Namungo au katika klabu nyingine ya Ligi Kuu inayompanga, afunge, kisha aende klabu inayocheza CAF, iwe Dar es Salaam au Lubumbashi. Aliye na miaka 22 hadi 25, mwenye misimu miwili ya mabao nyuma yake, Afrika Kaskazini inamfaa, kwa sharti la kuanza na klabu ya kati na kwa mkataba uliosomwa na mwanasheria. Skandinavia ni ya kijana wa miaka 18 hadi 22 aliyepata mwaliko ulioandikwa, anayejua Kiingereza cha kutosha, na mwenye moyo wa kukaa peke yake. Ubelgiji isubiri mpaka imwite yenyewe.

Mchezaji wa pembeni anayegeuzwa mshambuliaji, kama Msuva, ana upana zaidi wa kuchagua kuliko namba tisa halisi anayesubiri mipira ndani ya boksi, kwa sababu kocha mgeni anaweza kumtumia katika nafasi mbili. Kwa namba tisa halisi ningeuliza swali moja la ziada kabla ya kusaini: klabu hiyo inacheza kwa mshambuliaji mmoja au wawili, na aliyepo sasa ana mkataba wa miaka mingapi?

Kwa wasichana mpangilio wa ngazi ni mwingine, kwa sababu ligi za wanawake za Afrika bado hazina soko la kuuziana wachezaji kama la wanaume, na mchezaji huweza kuruka kutoka Ligi Kuu ya Wanawake hadi Ulaya bila kupita Lubumbashi wala Casablanca. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess mwaka 2022 kwenda BK Häcken ya Sweden, klabu iliyofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Ulaya msimu wa 2023/24, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga, naye kutoka Yanga Princess, alipita Hispania kwa muda mfupi mwaka 2023 na kujiunga na Al-Nassr ya Saudi Arabia, ambako amekuwa akifunga mabao na kutwaa mataji. Kwa upande wao Ghuba si mahali pa kumalizia, kwa kuwa ligi ya wanawake ya Saudi Arabia ni changa, klabu zake zinawekeza, na mgeni hupewa nafasi kubwa. Mshambuliaji wa kike wa miaka 20 kutoka Lindi mwenye ofa mbili za kweli mezani, ya Sweden yenye mshahara mdogo na ya Riyadh yenye mkubwa, ningemwambia aende Sweden ikiwa amehakikishiwa nafasi ya kushindania namba katika kikosi cha kwanza, na aende Riyadh ikiwa ofa ya Sweden ni ya timu ya akiba.